Mjadala: Supamaketi kuu ikifungwa, mpangaji mdogo aendelee kulipa kodi ile ile?

Mleta mada, Nairobi

Naleta mbele yenu swali ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiamuliwa katika ofisi za mawakili na madalali, ilhali naamini linastahili kuamuliwa Bungeni. Supamaketi ambayo jumba la maduka lilijengwa kuitegemea inapofunga milango, je, mwenye duka dogo lililo mkabala nayo aendelee kulipa kodi ile ile mpaka mkataba wake wa miaka sita umalizike? Mimi nasema hapana. Nasema sheria imlazimishe mwenye jengo kumpunguzia kodi, na ikiwa nafasi ile itabaki tupu kwa muda mrefu, imruhusu mpangaji kuondoka na amana yake mkononi.

Nairobi imeyaona majumba haya yakipanda na kushuka ndani ya kizazi kimoja. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka 1983, Village Market ikafuata Gigiri mwaka 1995, na kwa muda mrefu hayo na mengine machache yaliutosheleza mji. Mbio zilishika kasi Junction ilipofunguliwa katika Barabara ya Ngong mwaka 2004 na Westgate mwaka 2007. Barabara Kuu ya Thika ilipokamilika mwaka 2012, zamu ikawa ya upande huo: Thika Road Mall ilifunguliwa Roysambu mwaka uliofuata, na Garden City mwaka 2015. Karen ikapata The Hub mwaka 2016, kisha Februari 2017 ikafunguliwa Two Rivers kando ya Barabara ya Limuru, iliyotangazwa kuwa kubwa kuliko zote katika ukanda wetu. Kila mwekezaji aliwahesabu wateja wale wale wa tabaka la kati, wenye magari, kana kwamba jirani yake hakuwa akiwahesabu pia. Muda si muda ripoti za kampuni za mali isiyohamishika kama Knight Frank na Cytonn zikawa zinarudia jambo moja, kwamba nafasi za maduka mjini zimezidi wapangaji.

Katika mengi ya majumba hayo mpangaji mkuu alikuwa mmoja, Nakumatt, kampuni ya supamaketi iliyochipuka kutoka duka la magodoro la Nakuru ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Aliyeingia katika matawi yake mwaka 2017 anakumbuka jinsi rafu zilivyokuwa: chupa za maji na karatasi za shashi zimesogezwa hadi ukingoni, safu moja tu, na nyuma yake mbao tupu. Waliokuwa wakiileta mali walikuwa wameacha kuileta kwa sababu hawakulipwa. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi, madeni yake yakiwa zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifilisiwe. Shoprite ya Afrika Kusini, iliyoingia nchini Desemba 2018 na kuchukua baadhi ya nafasi zilizoachwa, ilitangaza mwaka 2020 kwamba inaondoka. Tuskys, supamaketi nyingine ya hapa nchini, ikaporomoka mwaka huo huo. Duka kubwa la Game nalo, lililokuwa kivutio cha Garden City tangu jumba hilo lilipofunguliwa, likaondoka baadaye.

Sasa tutazame kodi yenyewe. Supamaketi hulipa kiasi kidogo kwa kila futi ya mraba kuliko duka la viatu au la simu, kwa sababu ndiyo inayowavuta watu. Mwenye duka dogo hulipa zaidi, na ziada hiyo ni bei ya wateja watakaopita mbele ya dirisha lake wakitoka kununua unga na maziwa. Ameuziwa nafasi, na ameuziwa wapita njia pia. Supamaketi ikiondoka, kile alicholipia ziada kimeondoka nacho, lakini ankara haibadiliki hata senti.

Mimi nimeyaona haya kwa karibu. Nilikuwa na duka la viatu vya watoto katika jumba moja la viungani ambalo sitalitaja. Ada ya huduma tuliyotozwa baada ya supamaketi kufungwa ilikuwa kubwa kuliko tuliyolipa ilipokuwapo, kwa kuwa gharama za walinzi, za jenereta na za kusafisha sakafu ziligawanywa sasa kwa sisi tuliobaki. Ngazi ya umeme ikazimwa ili kupunguza matumizi, na wenzetu wa ghorofa ya pili wakakosa hata wale wateja wachache waliokuwa wakipanda kutazama tu. Tulipoomba kupunguziwa, tulionyeshwa kifungu cha mkataba kinachosema kwamba kodi itapanda kila mwaka, basi. Wawili kati yetu waliamka wakakuta dalali amekwisha kufunga milango yao, kwa maana sheria yetu bado inamruhusu mwenye jengo kukamata mali ya mpangaji kwa ajili ya kodi.

Wengi hawajui kwamba mwenye duka wa River Road ana kinga ambayo mwenye duka wa jumba la kifahari hana. Sheria ya 1965 kuhusu wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, inayojulikana kama Sura ya 301, humlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Huyo hawezi kupandishiwa kodi wala kufukuzwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa na baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Ndiyo sababu mikataba ya majumba haya huandikwa kwa miaka mitano na miezi mitatu, au miaka sita: miezi ile michache ya ziada inatosha kumtoa mpangaji nje ya kinga. Sheria iliyotungwa kumlinda mfanyabiashara mdogo imegeuzwa kuwa kipimo cha kumkwepa.

Ninachopendekeza ni hiki. Nafasi ya mpangaji mkuu ikikaa miezi mitatu bila kufunguliwa, kodi ya maduka madogo ishuke mpaka nafasi ijazwe. Ikikaa mwaka, mpangaji awe huru kuondoka. Na mgogoro wowote kuhusu jambo hilo usikilizwe na baraza lile lile, hata kama mkataba ni wa miaka 10. Karibuni tujadiliane.

Mchangiaji wa pili, Donholm

Ndugu mleta mada, pole kwa yaliyokupata, na nakushukuru kwa kuleta hoja iliyochambuliwa vizuri. Hata hivyo nakupinga.

Unamzungumzia mwenye jengo kama kwamba ni tajiri mmoja aliyekaa Muthaiga akihesabu kodi. Chukua Greenspan Mall, hapa kwetu Donholm. Jumba hilo lilikuwa mali kuu ya Fahari I-REIT, hazina ya uwekezaji katika majengo iliyouza vipande vyake kwa umma katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2015 kwa shilingi 20 kila kimoja. Walimu, wauguzi na vyama vidogo vya akiba walinunua. Tuskys, iliyokuwa mpangaji mkuu pale, ilipoanguka, hasara iliwafikia watu hao moja kwa moja, na mwaka 2023 wawekezaji wadogo waliotaka kutoka walipewa shilingi 11 kwa kipande. Ukiongeza sheria inayopunguza kodi ya maduka yote yaliyobaki wakati ule ule ambapo kodi ya supamaketi imekatika, utakuwa umempiga mwalimu mstaafu mara mbili ili umwokoe muuza viatu.

Tena mkopo wa benki haushuki. Benki haiulizi kama Nakumatt imefungwa; huuliza rejesho la mwezi liko wapi. Majumba mengi yalijengwa kwa mikopo, baadhi yake ya dola, na mwenye jengo akishindwa kulipa, jumba zima hupigwa mnada na wapangaji wote hujikuta mikononi mwa mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai, asiyewajua.

Mwisho, mpangaji aliusoma mkataba akautia sahihi. Angetaka kifungu cha kuondoka, angekidai kabla ya kutia sahihi, wakati majumba yalipokuwa yakishindana kumtafuta. Serikali ikianza kuandika upya makubaliano ya watu wazima, nani atajenga tena?

Mchangiaji wa tatu, Dar es Salaam

Ndugu zetu wa Nairobi, naomba niingize mfano wa huku. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006 katika ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Sam Nujoma. Shoprite ilikuwapo pale, ikajiondoa nchini mwaka 2014 na kuiachia Nakumatt maduka yake. Nakumatt nayo ikaishiwa. Game ikaondoka baadaye. Kwa hesabu ya mleta mada, jumba hilo lingekuwa gofu leo, lakini Jumamosi jioni utatafuta mahali pa kuegesha gari hadi uchoke. Mwenge iko jirani, chuo kiko jirani, daladala zinapita, na kuna benki, sinema na ukumbi wa mikutano. Kwa hiyo mimi nadhani kinacholiua jumba ni mahali lilipo, na sina hakika kama Bunge linaweza kulitungia sheria kosa la mtu aliyejenga mahali pasipofaa.

Mleta mada anajibu

Nawashukuru nyote wawili. Naanza na ndugu wa Dar es Salaam, kwa kuwa mfano wake nakubaliana nao kabisa, na huku kwetu Roysambu inathibitisha jambo hilo hilo. Thika Road Mall ilimpoteza Nakumatt na Carrefour ikaingia, kwa sababu mbele yake kuna kituo cha matatu na nyuma yake kuna maelfu ya wapangaji wa vyumba na wanafunzi wanaonunua mkate kila siku. Jumba linalotegemea wenye magari pekee halina akiba hiyo. Lakini tazama maana yake kwa pendekezo langu: jumba lililojengwa mahali pazuri litampata mpangaji mkuu mwingine mapema, na kwa hiyo kifungu ninachokidai hakitamgharimu mwenyewe chochote kikubwa. Kitamgharimu yule aliyejenga mahali pasipofaa, ambaye leo gharama ya kosa lake inalipwa na watu ambao hawakuchora ramani wala kuchagua kiwanja.

Kwa ndugu wa Donholm, hoja ya mwalimu mstaafu ni nzito na sitaipita juu juu. Fedha zake zilipotea kweli. Lakini zilipotea chini ya sheria iliyopo sasa, ile inayombana mpangaji mdogo hadi siku ya mwisho, na sheria hiyo haikumwokoa. Mpangaji aliyefilisika halipi kodi. Huacha rafu na deni, kisha duka lake nalo hukaa tupu. Kilichoisaidia Greenspan ni Naivas kuingia palipokuwa na Tuskys. Kama wenye majengo wangejua kwamba supamaketi ikianguka kodi yote ya jumba itashuka, wangeomba kuona hesabu za Nakumatt kabla ya kuikabidhi nafasi kubwa kuliko zote, badala ya kuridhika na ukubwa wa jina lake. Nakumatt haikuwa kampuni ya soko la hisa, na hesabu zake hazikuchapishwa kwa umma. Muuza viatu hakuwa na njia ya kuzidai. Mwenye jengo alikuwa nayo, na benki yake pia.

Kuhusu hoja kwamba mpangaji angedai kifungu cha kuondoka kabla ya kutia sahihi, naomba usome tena Sura ya 301. Sheria hiyo haiwalindi tu wenye mikataba isiyozidi miaka mitano. Huukumbatia pia mkataba mrefu wenye kifungu kinachoruhusu uvunjwe ndani ya miaka mitano ya mwanzo kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Mwenye jengo akikubali kuandika kifungu cha kuondoka, mkataba wote unaangukia chini ya baraza, na hataweza tena kupandisha kodi bila idhini. Kwa hiyo wakili wake atamshauri akikatae, hata kama yeye mwenyewe ni mtu mwema na angependa kukubali. Nilikiomba kifungu hicho, na hilo ndilo jibu nililopewa. Uhuru wa kukubaliana unaousema umezibwa na sheria yenyewe, na ni Bunge tu linaloweza kuuzibua.

Kuna jambo moja ambalo naona linawadhulumu wenye majengo, na nitaliunga mkono lirekebishwe pamoja na haya. Supamaketi kubwa mara nyingi hudai kifungu kinachozuia duka lolote la chakula linaloshindana nayo kuingia katika jumba lile lile. Afrika Kusini ilichunguza desturi hiyo, na ripoti ya tume yake ya ushindani ya mwaka 2019 ikataka vifungu hivyo viondolewe. Vikiondolewa kwetu pia, jumba litaweza kuwa na supamaketi ya wastani, bucha na duka la mboga kwa pamoja, na kuanguka kwa mmoja hakutazima taa za wote.

Mswada wa kuunganisha sheria za wenye nyumba na wapangaji ulifikishwa Bungeni mwaka 2021, lakini Sura ya 301 ingali pale pale. Mswada mwingine ukiletwa, nitapeleka maoni yangu kwa maandishi, na ningependa niyapeleke yakiwa yamepita katika ungo wa wanaonipinga. Basi nikuulize ndugu wa Donholm: kama sheria ingeweka kikomo, kwamba kodi isishuke chini ya nusu na ada ya huduma isizidi ile iliyotozwa kabla supamaketi haijafungwa, je, mwekezaji unayemtetea angeweza kuishi nayo? Na kama hawezi, ni kiwango gani angekiona cha haki?