Paneli ya sola ya kujiundia: safu ina volti kamili ila ampea hazifiki hata nusu

Mwanagenzi_TZ
Wakuu, salaam. Naunda paneli ya betri ya volti 12 kwa ajili ya taa na kuchajia simu. Nina seli 40 za polikristali, milimita 78 kwa 156, mistari mitatu ya fedha usoni, kila moja volti 0.5 na ampea 3.6. Utepe wa shaba wa milimita 2 ninao, chuma cha kulehemu ni cha wati 30, na mgongoni nitaweka plaiwudi.

Safu ya kwanza ya seli 9 imekamilika. Saa sita mchana, jua kali, mita inasoma volti 5.2, lakini nikipima ampea napata 1.4 tu. Zimepotelea wapi? Pili, plaiwudi yangu inabeba safu nne za seli 8, jumla 32. Volti 16 si zinatosha betri ya 12? Tatu, juu niweke kioo cha dirisha au plastiki ngumu ile ya uwazi? Asanteni.

Wati_Sitini
Mkuu, hilo la 32 liache kabla hujalehemu safu ya pili. Volti 0.5 hupimwa seli ikiwa na joto la nyuzi 25. Juani, nyuma ya kioo, seli inafika nyuzi 60 na kitu, na volti ya kufanyia kazi hushuka kama asilimia 0.4 kwa kila nyuzi. Piga hesabu: 16 inabaki 13 na ushei. Betri ya risasi na asidi inataka volti 14.4 ili ijae. Haitajaa hata siku moja, na betri isiyojaa hufanya ukoko wa sulfeti kwenye bamba na kufa mapema. Seli 36 zinaanza na volti 18. Joto likila sehemu yake unabaki na 15 hivi, waya na kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) vikichukua chao bado inatosha. Ndiyo maana paneli za kiwandani za volti 12 nyingi zina seli 36.

Panga safu nne za seli 9. Mistari ya fedha kwenye seli hizi hupita upande mfupi, kwa hiyo urefu wa safu ni 9 mara 78, ongeza nafasi nane za milimita 5: milimita 742. Upana ni 4 mara 156 na nafasi tatu za milimita 10: 654. Acha sentimita 3 hadi 4 kila ukingo. Kioo kiwe sentimita 82 kwa 72, plaiwudi ikate upya. Utepe mwembamba: vipande vitatu kwa seli, kila kimoja sentimita 15, ni mita 16 na kidogo, nunua 20. Ule mpana wa milimita 5 wa kuunganisha safu kwa safu, mita 2 zinatosha.

Katikati ya seli na seli utepe uwe na kikunjo kidogo. Ukiuvuta ukanyooka kabisa, joto la mchana na baridi ya usiku vitaukata au vitapasua ukingo wa seli.

Lehemu_Safi
Nije kwenye ampea. Volti bila mzigo haikuambii lolote kuhusu kiungo. Bila mkondo kupita, kiungo kibovu hakipotezi volti, kwa hiyo safu mbovu inasoma 5.2 sawasawa na nzima. Na kwenye mfululizo, yaani seli zikiungwa moja baada ya nyingine, ampea za safu nzima ni zile za seli iliyo dhaifu kuliko zote. Hapo ulipo, seli moja tu inaweza kuwa inawabana wenzake wanane.

Kuitafuta unahitaji mita moja na kipande cha boksi. Weka mita kwenye ampea 10 za DC, waya mwekundu uhamie kwenye tundu la 10A, kisha shika ncha mbili za safu. Elekeza safu jua liipige wima. Sasa funika nusu ya seli ya kwanza, angalia mita, nenda ya pili, hivyo hivyo hadi ya tisa. Seli isiyo na kasoro ukiifunika nusu bado inatoa 1.8, juu ya 1.4, hivyo mita haitatikisika. Ukifika kwenye ile dhaifu, itashuka mara moja hadi 0.7 hivi. Usikae nayo muda mrefu, kwa sababu seli dhaifu inasukumiwa volti za wenzake kinyume na inachemka.

Kama mita haishuki popote kwa namna hiyo, tatizo si seli, ni kiungo. Acha mita ya ampea ilivyo, chukua mita ya pili, pima volti kati ya utepe na mstari wa fedha wenyewe. Kiungo kizuri kinasoma karibu na sifuri.

Sababu naishuku tayari: wati 30 ni kidogo. Seli inanyonya joto, lehemu inaganda kabla haijashika. Tumia wati 60, ncha bapa ya milimita 4 au 5, joto nyuzi 350 hivi. Paka flaksi (dawa inayosaidia lehemu ishike) kwenye mstari, laza utepe, pitisha ncha taratibu kwa sekunde tatu au nne bila kugandamiza. Seli ina unene wa milimita 0.2 tu. Chini weka boksi juu ya ubao. Ukifanyia juu ya vigae au chuma, joto linaishia huko. Flaksi iwe ya elektroniki. Ile ya asidi ya kulehemea rejeta itakula mistari ya fedha miezi michache baadaye.

Mgongoni kuwe na uangalifu zaidi. Sehemu ya kijivu yote ni alumini na lehemu haishiki hapo. Inashika kwenye vibandiko vya fedha tu. Utepe uliolala juu ya kijivu unaonekana umenata, kumbe umegandishwa na flaksi.

Seli zilizobaki zipime moja moja kabla ya kulehemu, zinazotofautiana zaidi ya ampea 0.2 zisikae pamoja.

Pwani_Sola
Kioo. Plastiki sahau: inapinda kwa joto, inakwaruzika, na inatanuka kuliko seli hadi inavuta viungo. Kioo cha dirisha cha milimita 4 kinafanya kazi, ila ukikitazama ubavuni ni kijani. Hicho ni chuma ndani yake na kinakula sehemu ya mwanga. Ukipata cha tempa (kilichoimarishwa kwa joto), agiza kwa kipimo kamili, maana hakikatwi tena.

Adui mkubwa ni unyevu, hasa huku kwetu pwani. Plaiwudi inauvuta, inavimba, kioo kinapata ukungu kwa ndani na utepe unaota kutu ya kijani. Ukilazimika kuitumia, ipake rangi ya mafuta pande zote na kingo, na toboa vitundu viwili chini ili ipumue. Bora zaidi fremu ya alumini na kumwagia seli silikoni angavu ya vikopo viwili vya kuchanganya. Kwa eneo lako, unene wa milimita 2, ni lita 1.2 hivi, na si rahisi mfukoni. Silikoni ya tyubu inayonuka siki usiiweke karibu na seli, hiyo ni asidi. Nunua ile isiyo na harufu ya siki.

Na dayodi (hupitisha umeme upande mmoja tu) usizisahau: mbili za aina ya Schottky, ampea 10, volti 45, moja kwa kila seli 18, upande wenye mstari uende chanya. Bila hizo, jani moja likiangukia seli linaweza kuifanya ichemke hadi iungue. Dayodi ya kuzuia betri isirudishe umeme usiku huihitaji ukiwa na kontrola.

Kusema kweli, kwa wati 60 paneli ya dukani ni nafuu na inadumu zaidi. Hii ifanye kama seli unazo tayari.

Mwanagenzi_TZ
Nashukuru wakuu. Boksi halikupata kitu, mita haikushuka popote; mita ya pili ndiyo imekamata kiungo kibovu kwenye seli ya sita. Nyuma yake tepe mbili kati ya tatu zimekaa kwenye kijivu. Nazitoaje bila kuipasua?

Lehemu_Safi
Zile za kwenye kijivu hazijashika, zipanguse kwa spiriti zitaachia. Iliyoshika kwenye fedha paka flaksi mpya, pasha moto kuanzia ncha, na lehemu inapoyeyuka uvute utepe uliolala, usiunyanyue juu. Ukivuta ikiwa baridi kibandiko kinang'oka na seli imekwisha. Ikitokea hivyo tumia mojawapo ya zile nne za ziada, lakini ipime kwanza.