Hivi kweli Mjerumani alitushinda kwa sababu ya bunduki? Karibuni tujadili

Wakuu habari za muda huu. Kuna jibu tulikaririshwa wote toka darasani, ukiulizwa kwanini wazee wetu walishindwa na Mjerumani unaandika "silaha duni", unapewa maksi zako unaenda swali linalofuata. Mi hilo jibu silikubali. Naweka hoja zangu hapa, halafu mnishukie.

Tuanze na Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski, kamanda wa Kijerumani, yule wazee waliyempachika jina la Nyundo, anaingia Uhehe na askari zaidi ya 300 na wapagazi, wana bunduki za Mauser, wana mizinga midogo na wana Maxim, ile bunduki ya kumimina risasi mfululizo, yaani bombomu. Wahehe kama 3,000 hivi, wengi wana mikuki na ngao. Kwa hesabu ya "silaha duni" hapo Mkwawa, chifu wao, kwisha habari yake, si ndiyo? Sasa Maxim ilikuwa wapi muda huo, ilikuwa imefungwa mgongoni kwa punda! Ile kitu siyo bastola ya kuchomoa kiunoni, lazima uishushe, uisimamishe kwenye miguu yake, uweke maji ya kupoza mtutu, uingize mkanda wa risasi ndo uanze kumwaga, na Wahehe wako kichakani hatua chache tu kutoka njiani wanakusubiri. Inasimuliwa askari wengi hata Mauser zao walikuwa hawajazijaza risasi, na zile zilikuwa za kufyatua moja unajaza tena nyingine. Ndani ya dakika chache kikosi kimevunjika, Nyundo kauawa kwa mkuki, na Wahehe wakaondoka na bunduki kama 300 pamoja na mizinga.

Haya, kuanzia siku ile Wahehe wanazo bunduki za Mjerumani mwenyewe. Mbona Oktoba 1894 Kalenga, ngome ya Mkwawa, ikaanguka? Na baada ya kuanguka, mbona Mkwawa aliendelea kuwasumbua porini bila ngome, bila chochote, mpaka Julai 1898? Mi naona silaha haielezi kushinda kwake wala kushindwa kwake. Kilichombana ni kwamba vijiji vilivyompa chakula viliadhibiwa, kichwa chake kikatangaziwa zawadi ya rupia 5,000, na watu wake wakagawanyika na kuchoka.

Najua mtasema Majimaji, nakubali hapo bombomu ilifanya kazi yake. Boma la Mahenge Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga walikuja uwanjani peupe kwa maelfu, na safari hii Maxim ilikuwa imeshasimamishwa inawasubiri, ilikuwa mauaji tu. Hilo silipingi. Lakini jamani vita haikuishia Mahenge, iliendelea mpaka 1907, na ukitafuta watu walifia wapi utakuta wengi hawakufia mbele ya bunduki. Wanahistoria wanataja vifo kuanzia 75,000 mpaka 300,000 na wengi wao ni njaa. Mjerumani aliona watu wameacha kumfuata bomani, wanavizia na kukimbilia porini, akabadilisha silaha, akaanza kuchoma nyumba, kuchoma mashamba, kubeba chakula ghalani na kuzuia watu wasilime. Maofisa wao wenyewe waliandika kwamba njaa ndiyo itawapigisha magoti hawa watu. Ungoni, Umatumbi, Upogoro, mama anachimba mizizi ya porini na watoto nyuma yake, huyo hana mkuki wala maji ya Kinjikitile, yule mganga aliyesema dawa yake itageuza risasi kuwa maji, kiberiti ndo kimemuua. Watu wakaisha, wanyama wakarudi, na sehemu kubwa ya maeneo yale baadaye ikaja kuwa pori la akiba la Selous. Watalii wanapiga picha tembo pale, hawajui.

Halafu kuna jambo hatupendi kulisema. Upande wa Mjerumani walikufa Wazungu 15 na askari weusi 389. Ukiangalia hiyo hesabu utajua bunduki zilishikwa na nani. Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, na waliosaidia wakiwa na mikuki yao wenyewe kwa sababu walikuwa na ugomvi wa zamani na jirani. Hiyo nayo tuiite silaha duni?

NYONGEZA: Kuna ndugu hapo chini kaniletea vita vya Adwa, anasema Menelik, mfalme wa Ethiopia, alimpiga Muitaliano Machi 1896 kwa sababu alinunua bunduki na mizinga ya kisasa, kwahiyo silaha ndo kila kitu. Hoja nzuri sana mkuu, ila soma kwanini Baratieri, jenerali wa Muitaliano, alishambulia siku ile. Chakula cha jeshi lake kilikuwa kinaisha! Angekuwa na unga wa kutosha angekaa kwenye ngome yake. Mwingine kaleta vita vya Omdurman kule Sudan 1898, Wasudani zaidi ya 10,000 waliouawa asubuhi moja. Sawa, Maxim tena, lakini Kitchener, jenerali wa Mwingereza, kabla ya kufika pale alijenga reli kukatiza jangwa, ndiyo iliyombebea risasi na biskuti za askari wake.

Na wewe unayesema Lugalo ilikuwa bahati, kuficha watu 3,000 kando ya njia bila hata mmoja kukohoa siyo bahati, ni jeshi.

Wangoni, Wapogoro, Wahehe mliomo humu, babu zenu waliwasimulia nini, risasi au njaa? Na nyie wa silaha duni nijibuni kwanza kuhusu Kalenga, maana bunduki za Lugalo walikuwa nazo.