"Kwani wewe ndiye daktari?" Hospitali ya samaki leo wamenimaliza

Wadau, naandika nikiwa bado kwenye pakingi yao, mikono inatetemeka, kwa hivyo herufi zikiruka mnivumilie. Jina la hospitali sitaji. Mnaijua. Ile yenye samaki mapokezi. Samaki wana maji safi, taa, na mtu wa kuwalisha kwa saa. Mama yangu alikaa benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba, maji aliyaona ya samaki tu.

Foleni si neno, tumeizoea.

Sasa mama ana miaka 68, presha imempanda, hatimaye akapewa kitanda. Namshika mkono, naona mkanda. Nasoma jina. La mwanamume! Kazaliwa 1991! Yaani mama mzazi ni mdogo wangu kwa miaka minne na ana ndevu. Kabla sijafunga mdomo, sista huyo na sindano. Nikamuuliza kwa adabu zote nilizofunzwa na mama huyohuyo: "Samahani sista, hiyo ni dawa gani?" Hata hakuniangalia. "Penisilini."

PENISILINI! Mama akichomwa hiyo uso unafura kama andazi. Tuliandika kwenye fomu, nikapigia mstari mara mbili. Nikamwambia mkanda si wake. Ndipo akageuka, akanipima kutoka viatu hadi kichwa, wodi nzima ikisikia:

"Kwani wewe ndiye daktari?"

KWANI. WEWE. NDIYE. DAKTARI.

Sista, mimi nauza kava za simu Luthuli. Lakini kusoma najua! Hata konda wa matatu hukuuliza unashukia wapi kabla hajakutupa. Mkanda walibadilisha kimyakimya, ule wa kwanza ukaenda kwa pipa, hakuna pole, hakuna aliyeandika popote. Na yule kijana wa 1991 sijui yuko wodi gani akimezeshwa dawa za presha za mama. Namwombea.

Bado naisikia masikioni. Kwani wewe ndiye daktari.

Mzee_wa_Umoja: Pole kwa mama. Lakini si ungejibu tu "ndiyo", upewe na koti 😂

SistaWaZamu: Mimi ni muuguzi, si wa huko. Alikosea, na mdomo wake ukakosea zaidi. Mgonjwa haulizwi "wewe ni fulani?", maana mwenye homa huitikia jina lolote. Anataja mwenyewe jina na tarehe ya kuzaliwa, unalinganisha na mkanda, ndipo sindano. Ila jana usiku nilikuwa peke yangu na vitanda 31. Njoo ujaribu.

Kamongo: Vitanda 31 ndivyo vilimtuma atukane mtu?

Buda_Kayole: Mmesahau 2018? Hapahapa Nairobi mtu alifunguliwa kichwa, wakatafuta damu iliyoganda wakaikosa, kumbe wa kupasuliwa ni mwingine. Lebo zilibadilishana. Mama yako ana bahati, yake sindano tu.

Muuza_Kava (mwenye uzi): BAHATI??

Shosh_wa_Kangemi: Na mbona hukuanzia zahanati ya mtaani, mjukuu? Levo 2 na 3 ni za kazi gani? Mtu akipiga chafya mbio hospitali kubwa, halafu foleni mnashangaa.

Muuza_Kava: Shosh, presha ilikuwa 210 juu. Hiyo si chafya.

Mlipakodi: Afadhali wewe ulifika kitandani. Mimi nakatwa asilimia 2.75 ya mshahara tangu SHA, hii bima ya afya ya serikali, ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024, nikifika dirishani naambiwa mfumo umelala. Mfumo unalala kuliko wagonjwa.

Konda_Mstaafu: Turudi nyuma kidogo. Ni konda gani huyo huuliza abiria anashukia wapi?

Kamongo: Mwenye uzi, hiyo pakingi toka haraka. Mimi walinitoza 500 nikimpelekea mtu uji. Uji wenyewe wakaukataa getini.

Mlipakodi: Walikataa ununue kantini yao. Andazi moja 60.

Buda_Kayole: 60? Lina nyama ndani?

Muuza_Kava: Jameni. MKANDA. Tulikuwa kwa MKANDA.

Konda_Mstaafu: Andazi la 60 nimelila. Ni hewa.

Shosh_wa_Kangemi: Kantini ndiyo iko upande wa samaki ama wa maabara? Kesho niko na kliniki huko.