Nahama mtandao, namba ibaki ileile?

Wakuu, bando langu linayeyuka tu na huku kwetu kijijini netiweki inasumbua, nataka kuhama ila hii namba wateja wangu wote wanayo, nafanyaje?

Jibu 1: Namba unahama nayo mkuu, Tanzania ruksa tangu 2017. Nenda kwa wakala wa mtandao unaohamia na kitambulisho chako cha NIDA. Ila kwanza toa hela yote kwenye simu na ulipe madeni, salio halihami!

Jibu 2: Usihame kwa kufuata bei tu, azima laini ya jirani ujaribu hapohapo kijijini. Halotel walipoingia 2015 walikazania sana vijijini, anza nao.

Muulizaji: Shukrani sana wakuu, kesho naazima laini.