Mjadala: Je, makaburi ya umma Mombasa yajengewe ukumbi wa wafiwa?

Msanifu wa Tudor: Huku kwetu nimeona jeneza likingoja langoni juani kwa sababu msafara uliotangulia ulikuwa bado unaimba, na mama wa marehemu ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwenye makaburi ya Skogskyrkogården, Stockholm, jengo la kuchomea maiti alilolisanifu Gunnar Asplund, lililokamilika mwaka 1940, lina kumbi tatu za ibada, na kila moja ina chumba chake cha kungojea, ili wafiwa wa msiba huu wasigongane na wa msiba ule. Kwa nini kaunti isitujengee angalau ukumbi mmoja?

Mzee wa Kibokoni: Mwanangu, maiti wetu huswaliwa, akapelekwa makaburini Kikowani au Manyimbo, akazikwa, watu wakarudi matangani. Ukumbi wa nini? Na hayo ya kuchoma maiti ni mila za wageni.

Binti wa Makadara: Shikamoo mzee wangu, lakini hilo neno "wageni" limeniuma. Sisi Wahindu, tunaochoma maiti wetu, tumezaliwa Mombasa, na wazee wetu wamefia Mombasa. Je, Profesa Wangari Maathai, ambaye maiti yake ilichomwa Kariokor, Nairobi, mwaka 2011, alikuwa mgeni wa nani?

Mzee wa Kibokoni: Marahaba, binti. Nilitaja mila, sikutaja watu. Profesa aliacha wosia wake nao ukaheshimiwa. Nami naomba wa kwangu uheshimiwe vivyo hivyo.

Binti wa Makadara: Hakuna aliyeugusa wosia wako, mzee. Aliyeitwa mgeni ni mimi.

Muuguzi wa Likoni: Jamani, mnabishana juu ya moto na udongo, na yule mama bado yuko juu ya ndoo. Mimi naomba choo chenye maji, mabenchi yenye egemeo kwa wazee, na paa pana ambalo upande wake wa kusini una ukuta wa matundu, kwa maana mvua ya masika huja na upepo wa kusi na huwalowesha watu hata wakiwa chini ya paa.

Msanifu wa Tudor: Ahsante, dada. Ningeongeza lango la pili la kutokea, ili wanaoondoka wakilia wasipite katikati ya wanaoingia.

Mzee wa Kibokoni: Choo nakubali. Lakini ufunguo atashika nani, na atalipwa na nani?