Mapigo yamepanda lakini presha haijashuka: kwa nini daktari aliitwa haraka?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, stashahada ya uuguzi

Habari za kazi, wakubwa zangu. Niko mazoezini katika wodi ya upasuaji na naomba kueleweshwa jambo moja. Kijana wa miaka 26, mwenye uzito wa kilo 60 hivi, alirudishwa wodini baada ya upasuaji wa tumbo akiwa na mapigo 84 kwa dakika na presha 122/74. Baada ya saa mbili mapigo yalifika 118, upumuaji 26, presha ikasoma 114/90, naye akawa hatulii, anavua shuka na kuomba maji kila mara. Sista wa zamu alimwita daktari papo hapo, akisema huenda mgonjwa anavuja damu ndani. Tumefundishwa kwamba mshtuko wa kupoteza damu (yaani viungo kukosa damu ya kutosha) huonekana presha inaposhuka, na hii haikushuka. Sista alitambuaje, na nikiulizwa kwenye mtihani nijibuje?

Muuguzi, wodi ya upasuaji

Mdogo wangu, jibu limo katika takwimu ulizoandika mwenyewe. Mtu mzima ana takribani mililita 70 za damu kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo kijana huyo ana lita 4.2 hivi. Damu inapoanza kupungua, vihisi vya shinikizo vilivyomo katika mishipa mikubwa ya shingo na kifua huuarifu ubongo, adrenalini humwagwa, moyo huongeza kasi na mishipa midogo ya ngozi na utumbo hujibana ili damu iliyobaki ielekezwe kwenye moyo na ubongo. Kule kujibana ndiko kunakopandisha presha ya chini, yaani namba ya pili katika kipimo; ya kwanza ndiyo presha ya juu. Tazama tofauti kati ya presha ya juu na ya chini: mwanzoni ilikuwa 48, sasa ni 24. Kusogeleana huko, pamoja na mapigo kupanda, ndiko kulikomwonya sista. Kwa kawaida presha ya juu huporomoka damu iliyopotea inapozidi asilimia 30, yaani zaidi ya lita moja na robo kwa mgonjwa huyu, na vijana wenye afya hustahimili muda mrefu kisha huanguka ghafla. Katika mtihani, taja kwanza mapigo ya haraka, upumuaji wa haraka, kutotulia, ngozi ya baridi yenye jasho na mkojo kupungua. Kushuka kwa presha kuandike kuwa dalili iliyochelewa.

Muuguzi mwenye uzoefu wa wagonjwa mahututi

Naongezea mahali pa kutazama. Bendeji ya juu inaweza kuwa safi kabisa huku damu imeteremka ubavuni na kutuama chini ya mgonjwa. Vaa glavu, pitisha mkono chini ya mgongo, kisha uutazame. Dreni (mrija wa kutoa majimaji kwenye kidonda) ikiwa kavu nayo isikutulize, kwa kuwa donge la damu huweza kuiziba. Pima mkojo kila saa: kwa kilo 60 tunatarajia angalau mililita 30. Tahadhari kubwa ni kwa mgonjwa anayetumia atenololi au propranololi, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, kwani mapigo yake huenda yasipande hata akiwa hatarini. Vilevile mzee ambaye presha yake ya juu ya kila siku ni 170, akisoma 115 usiseme iko sawa.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

Ahsanteni sana. Muuguzi afanye nini wakati daktari yuko njiani? Na je, kama kipimo cha himoglobini (kibeba oksijeni katika chembe nyekundu za damu) kimerudi gramu 12 kwa desilita, wasiwasi uendelee?

Mkufunzi wa uuguzi

Usimwache mgonjwa peke yake. Mwenzako ndiye apige simu, na ataje takwimu za awali pamoja na za sasa badala ya kusema tu kwamba hali imebadilika. Mlaze chali, mpe oksijeni, hakikisha kuna kanula (mirija ya mshipani) mbili nene zinazopitisha vizuri, chukua damu ya kupima kundi lake na kuilinganisha na damu ya kuongezewa, na anza dripu kwa mujibu wa mwongozo wa kituo chenu. Mfunike apate joto, maana mwili ukipoa damu huganda kwa shida. Maji ya kunywa asipewe, kwa sababu huenda akarudi chumba cha upasuaji. Lowesha midomo tu. Maumivu yake ni ya kweli na yatibiwe, lakini kabla ya kumpa mofini mweleze daktari hali nzima, kwani inaweza kuiangusha presha inayoshikiliwa kwa shida.

Kuhusu himoglobini, wasiwasi uendelee. Anayevuja hupoteza chembe nyekundu na maji ya damu kwa pamoja, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kubaki kilekile hadi maji ya mwilini au ya dripu yaingie kwenye mishipa na kuizimua damu iliyobaki. Gramu 12 za saa hiyo zisicheleweshe kumrudisha kwa daktari wa upasuaji. Kipimo kirudiwe, na damu iliyolinganishwa iwe tayari.