Miezi minne nimeshona kofia, mtu AKAJIPEPEA NAYO

Sindano_ya_Langoni

Nimetoka kwenye shindano la kofia sasa hivi, Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome ya Lamu. Buibui sijavua, chai sijanywa, mkono unatetemeka, mkiona herufi zimerukana mnisamehe.

Jaji mnamjua. Simtaji. Yule yule ambaye kukiwa na shindano la kitu chochote cha mkono, kuanzia hina hadi keki, kiti cha kati ni chake. Ukimwona tu anashuka kwenye boti unaanza kusikia neno "dhana".

Nimeanza kofia ya vito wiki ya pili baada ya Idi ndogo. Kitambaa cha bafta tabaka mbili, kila tundu nimelizungushia uzi kwa mkono, stima ikipotea nashona kwa tochi ya simu nimeibana kwa meno. Mume wangu miezi minne anakula mkate wa juzi. Mtoto amejifunza kutembea, nikaambiwa na jirani. Mato yamelegea mpaka wiki iliyopita hapo Ndia Kuu nilimwamkia punda shikamoo nikidhani ni mamamkwe.

Haya. Kofia ikafika mezani. Akaishika. Nikasema moyoni sasa ataigeuza, maana kofia huangaliwa ndani, hata mtoto wa Siyu anajua. Nje kila kofia ni nzuri. Ndani ndiko kwenye mafundo. Hakuigeuza! Anaongea na mwenziwe wa kushoto, jua kali, jasho linamtoka, akaikunja mara mbili, akaanza kujipepea.

KUJIPEPEA. Kwa kofia yangu. Mbele ya Ngome, na ngome ile imemalizwa kujengwa 1821, imekuwa jela mpaka 1984, imeona kila aina ya dhuluma, lakini naapa leo hata kuta zake zimeguna.

Akanipa 4 kwa 10. Sababu: "Kazi safi, ila haina hadithi." Haina hadithi! Kofia iliyoshinda imebandikwa kwa gundi, vipande vya kioo na manyoya ya kuku, ati "inauliza maswali". Mimi nina swali moja tu: Ijumaa ukisujudu na hayo manyoya, si utapiga chafya mpaka imamu atoe salamu kabla ya wakati?

Lakini hiyo sijali, apewe ushindi wake. Mimi nirudi pale pale. Alijipepea.

Nahodha_Mstaafu

Pole sana dada. Ila ilipepea vizuri?

Mkoko2

Haiwezi. Kofia ya vito ni matundu matupu, upepo unapita. Ndiyo maana akatoa 4. Ingekuwa bila matundu angetoa 8.

Sindano_ya_Langoni

Chekeni. Mara kumi na saba alijipepea, nilihesabu. Ya kumi na nane akajifuta shingo.

Binti_Shela

SHINGO???

Patasi_na_Nyundo

Huyo mimi simshangai. Mwaka juzi nilipeleka kizingiti cha mlango, mbao nimezitafuta miezi, maua nimeyachonga mpaka nikalala na vumbi puani. Akanitazama akasema nakshi hizi amezichoka. Amezichoka! Watalii wanapanda ndege kuja kuzipiga picha, yeye amezaliwa nyuma ya mlango huo huo na amezichoka.

Mwalimu_Mkomani

Dada, punguza hasira, haya ni maradhi ya dunia nzima. New York, 1917, kulikuwa na chama cha wasanii kilichotangaza kwamba maonyesho yake hayana majaji. Lipa dola 6, kazi yako itawekwa. Marcel Duchamp akapeleka bakuli la kukojolea wanaume, lile la dukani, akalitia sahihi "R. Mutt". Wakalikataa. Yaani mahali ambapo walisema hakuna jaji, jaji alitokea. Na leo bakuli lile linafundishwa vyuoni.

Mkoko2

Sasa mwalimu, dada ashone choo?

Kisukari_Mbivu

Mwalimu umeanza mbali. Miami 2019, Maurizio Cattelan alibandika ndizi ukutani kwa utepe wa gundi, ikauzwa dola 120,000. Mwaka 2024 New York nakala yake moja ikanadiwa, dola milioni 6.2. Pigeni hesabu kwa shilingi za Kenya, ni karibu milioni 800. Na aliyeinunua akaila mbele ya waandishi wa habari.

Nahodha_Mstaafu

Ndizi gani hiyo? Mkono wa tembo?

Kisukari_Mbivu

Ya kawaida tu, ya kumenya.

Nahodha_Mstaafu

Basi wameibiwa.

Sindano_ya_Langoni

Sikilizeni. Aliyekula ndizi aliilipia. Huyu wangu alijipepea BURE.

Binti_Shela

Mimi nilikuwa nafuatilia Project Runway, lile shindano la wabunifu wa nguo kwenye TV ya Marekani. Msimu wa kwanza kabisa, 2004, walipelekwa kwenye duka la vyakula, wakaambiwa nguo itoke humo. Austin Scarlett akashona gauni kwa maganda ya mahindi, akashinda. Kwa hiyo maganda si tatizo, wala manyoya si tatizo. Tatizo ni nani amekaa kitini. Pale alikaa Michael Kors, mtu anabuni nguo mwenyewe, akikwambia mshono umepinda unajua kaona mshono. Huyu wetu ameshona nini? Kifungo cha shati lake hapo Mkunguni kilikuwa kinaning'inia kwa uzi mmoja, na nina picha.

Patasi_na_Nyundo

Weka picha.

Mkoko2

Gauni la maganda ya mahindi Mkunguni? Punda wangelila kabla hata ya alama kutolewa.

Mwanga_Mpya

Samahani nyote, naomba niwe na mtazamo tofauti. Utamaduni usiosonga hufa. Lamu hii hii tuliona jahazi la Flipflopi, limeundwa kwa plastiki na ndara zilizookotwa ufukweni, likashushwa majini 2018, likaenda mpaka Zanzibar. Mafundi walikuwa wale wale wa mbao, mkono ule ule, malighafi mpya. Labda jaji alikuwa anatafuta ujasiri wa namna hiyo. Na kuhusu kujipepea, huenda alikuwa anapima wepesi wa kitambaa.

Mkoko2

Umejiunga leo saa tano usiku.

Binti_Shela

"Anapima wepesi." Wewe ndiye yeye.

Patasi_na_Nyundo

Ni yeye. "Malighafi" kwenye maandishi ya saa tano usiku? Ni yeye.

Mwanga_Mpya

Mimi si yeye.

Sindano_ya_Langoni

Kama si wewe, niambie: wepesi wa kitambaa hupimwa kwa shingo yenye jasho?

Mizani_Kumi_na_Sita

Nyinyi mnalia kofia. Mimi alinihukumu SHAIRI. Tarbia, mistari minne kila ubeti, beti saba, vina vya kati na vya mwisho vimekaa kama samaki kwenye mshipi. Akasema vina "vinamfunga msanii". Ndiyo kazi ya vina, kufunga! Anayetaka kufunguliwa aende akaimbe bafuni.

Nahodha_Mstaafu

Shairi lako nilikuwepo. Ubeti wa nne ulizidi mizani.

Mizani_Kumi_na_Sita

Haukuzidi.

Nahodha_Mstaafu

"Moyo wangu waungua, kwa jaji asiyelijua." Ukwapi, kipande cha kwanza, mizani nane, sawa. Utao, kipande cha pili, hesabu kwa vidole: kwa-ja-ji-a-si-ye-li-ju-a. Tisa.

Mizani_Kumi_na_Sita

Hiyo "li" niliimeza wakati wa kughani.

Mkoko2

Aliimezaaa 😂😂😂

Mwalimu_Mkomani

Kwa sheria ya ushairi inaruhusiwa kufinyanga neno, lakini ungeandika "asiyejua" tu ungetoka na nane zako salama.

Mizani_Kumi_na_Sita

Mwalimu, kwani wewe ulikuwa na choo chako, sasa umehamia kwangu?

Kaka_wa_Malindi

Huku kwetu Malindi afadhali yenu mna jaji. Sisi shindano la kuchonga vinyago mwaka jana jaji hakuja, tukahukumiwa na mwenye viti vya kukodi kwa sababu alikuwa na haraka ya kuvirudisha. Aliyeshinda ni yule aliyekuwa amesimama, hakukalia kiti.

Patasi_na_Nyundo

Huyo alikuwa na kigezo, angalau.

Nahodha_Mstaafu

Mkitaka kulia, njooni kwenye mashua. Mwaka ule jaji wa mstari wa mwisho alikuwa amelala kwenye ngalawa. Tumepita mashua nne, ameamka ya tano, ikatangazwa ya kwanza. Mimi nilikuwa ya pili. Kwa haki yangu nilikuwa ya pili na nitakufa nikisema ya pili.

Mkoko2

Ulikuwa ya nne, nahodha. Nilikuwa kwenye ya tatu.

Nahodha_Mstaafu

Ulikuwa unatapika, ungeona wapi.

Kisukari_Mbivu

Kuna mtu anajua mkungu wa ndizi Jumamosi sokoni ulikuwa bei gani? Nina wazo.

Binti_Shela

Picha ya kifungo hii hapa. Ikuzeni muone na uzi.

Mizani_Kumi_na_Sita

Ule uzi peke yake una hadithi.

Sindano_ya_Langoni

Jamani nyinyi, mashua na ndizi zenu fungulieni uzi wenu. Huu ni wa kofia. ALIJIPEPEA. Nimeifua mara mbili na bado ina harufu ya marashi yake. Na nani ameutuma uzi huu kwenye kundi la familia ya mume wangu? Naona simu inaita.

Mkoko2

Si mimi.

Binti_Shela

Mimi nilituma kwa mtu mmoja tu, na yeye nilimwambia asitume.

BiMkubwa_Mkomani

Assalamu alaikum. Nimesaidiwa na mjukuu kuingia humu. Kofia nimeiona, ndani nimeigeuza, iko sawa. Sasa mwanangu, punda yupi?